Rota za 1989 kwenye injini ya 1987

Ndugu, rota za turbo za 1989 ulizoziona Grogan, kule kwa maduka ya spea Nairobi, zitaingia kwenye 13B turbo yako ya 1987, injini ya Mazda inayotumia rota za pembe tatu badala ya pistoni: upana ni mm 80 na sili za ncha (vipande vya kuziba kwenye pembe za rota) mm 2, sawa na zako. Balaa ni uzito. Hizo ni nyepesi, kwa hiyo badilisha zote mbili na uchukue flaiwili ya 1989 (gurudumu zito la nyuma ya injini) pamoja na uzito wa mbele wa kusawazisha. Ukichanganya, injini itatetemeka hadi beringi ziharibike. Herufi ya daraja la uzito iliyogongwa kwenye rota, A hadi E, ifanane au ifuatane kwa rota zote mbili. Mgandamizo unapanda kutoka 8.5 hadi 9.0, kwa hiyo usiongeze busti (shinikizo la hewa ya turbo). Hauzingi, yaani ganda ambamo rota huzunguka, je? Pitisha ukucha kwenye kromu ya ndani, hasa pembezoni na karibu na plagi. Kromu ikibanduka, hauzingi hiyo iache, hata muuzaji aape vipi. Ukikosa flaiwili hiyo, mpe fundi mwenye mashine ya kusawazisha rota hizo pamoja na flaiwili yako azisawazishe.