Kura, Kabila na Ushirika wa Kanisa

SWALI: Kwaya yetu imegawanyika kwa ajili ya wagombea wawili, na mzee mmoja wa kanisa anasema kwamba asiyempigia kura mtu wa kabila letu amelisaliti kanisa. Nifanyeje? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndugu msomaji, kauli hiyo inasikitisha. Kifungu cha 38 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakupa haki ya kupiga kura kwa siri, na hakuna mzee awezaye kuifanya kura hiyo kuwa sharti la imani. Wewe unayeishi Bonde la Ufa unajua yaliyotokea Kiambaa, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisani, wakiwemo wanawake na watoto, walipoteketezwa humo katika ghasia zilizofuata uchaguzi. Chuki ile haikuanza siku ile. Ilitanguliwa na maneno, na baadhi yake (naandika haya kwa uchungu) yalitoka midomoni mwa waumini.

Mpime mgombea kwa uadilifu wake na jinsi anavyowajali wanyonge, ukiwaombea wote wawili kwa majina. Kisha mwendee mzee huyo faraghani, kama Mathayo 18 inavyoelekeza, umweleze kwa heshima jinsi kauli yake ilivyowaumiza wanakwaya wa makabila mengine.