Chakula cha mchana mlimani bila jiko: jibu la aliyewahi kubeba mbaazi

Mdogo wangu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Wasichana watano, mwakaa hosteli Tudor hapa Mombasa, jiko haliruhusiwi, Jumamosi mwapanda treni hadi Voi kisha matatu ya Wundanyi, siku mbili za kutembea milima ya Taita, na mwataka chakula cha mchana kisichotaka moto hata wa kibiriti. Na mmechoka kuambiwa mbebe mkate na soda. Nitakujibu kwa marefu, maana mkate na soda nimebeba, na kibaya zaidi ya hicho nimebeba pia.

Nilibeba mbaazi.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya kutembea msituni, Shimba Hills, wanawake saba wa mtaa mmoja Kisauni. Nilijitolea kuleta chakula kwa sababu ya kiburi cha jiko langu. Nikapika mbaazi usiku, tui zito, pilipili mbili nzima juu, nikazimimina zingali zinatokota kwenye hotpoti na kukaza kifuniko huku nikijipongeza. Alfajiri tukavuka feri, tukachukua matatu ya Kwale, tukamngoja askari wa KWS, shirika la wanyamapori, wa kutusindikiza, tukashuka hadi maporomoko ya Sheldrick. Ni pazuri wallahi, maji yaanguka kama mita 21, na umande wake wakufikia hapo ulipokaa. Nikafungua hotpoti. Povu. Harufu ya mnazi uliolala. Mwenzetu mmoja akachungulia akaniuliza kwa upole kama nimehama dini.

Tukala mahamri matupu na embe mbili zilizokuwa kwenye mkoba wa mtu kwa bahati. Halafu Sheldrick ina ubaya wake: kwenda ni kushuka, kurudi ni kupanda, kwa hiyo kipande kigumu chakukuta umeshakula. Au hujala.

Baadaye ndipo nikaelewa kosa langu. Nilidhani hotpoti yalinda chakula. Ile hulinda kwa muda mfupi tu, kikiwa moto wa kuunguza. Kikishapoa kidogo chini ya nyuzi 60, inakuwa kama kitanda cha vijidudu, vuguvugu imefunikwa vizuri. Watu wa usalama wa chakula wanasema chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya muda wa saa mbili, na hewa ikipita nyuzi 32 basi ni saa moja. Sasa hebu nionyeshe mchana wa Februari hapa Mombasa usiofika 32. Na chenye tui ndicho huchacha kwanza. Wali wa nazi, mbaazi, maharagwe ya nazi, samaki wa kupaka, hivyo vyote ni vya nyumbani. Pilau nayo usidanganyike kwa kuwa haina nazi, wali uliolala kwenye joto una vijidudu vyake ambavyo hata kupashwa moto tena hakuviondoi sumu.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja tu ya kubeba chakula: kiwe kikavu, au kiwe ndani ya ganda lake. Ganda namaanisha maganda ya chungwa, maganda ya njugu, mkebe wa samaki. Kikishakuwa kimemenywa, kimekatwa, kimechanganywa au kimetiwa mchuzi, saa inaanza kuhesabu.

Na wala hili si geni kwetu. Majahazi yaliyokuja Mombasa na upepo wa kaskazi kutoka Ghuba yalikuwa yanashusha tende, na mabaharia wenyewe walikuwa wanazila njiani. Tende haitaki chochote. Haichachi, haivunjiki, na ukiikalia kwenye mkoba inabaki tende. Kwa hiyo msingi wenu uwe tende na njugu. Njugu gramu 100 zina kalori kama 570, tende kiasi hicho hicho zina kama 280. Linganisha na tikiti maji, ambalo kuna mtu lazima atataka kulibeba: 30. Mwambieni alile Mombasa.

Ninavyofanya mimi: napasua tende, natoa kokwa, najaza siagi ya njugu, naweka chembe ya chumvi juu, nazipanga kwenye mkebe wa chuma usiku wa kuamkia safari. Hiyo kazi mnaweza kuifanya hosteli kitandani. Kumi kwa mtu mmoja zinatosha kumvusha kilima kimoja, lakini usizile zote kwa mpigo, tumbo litalalamika. Kuleni tatu kila mnapopumzika.

Lakini najua tamu ikizidi hukinaisha. Saa saba ya mchana, jasho limekauka usoni, mtu anataka kitu cha chumvi na uchachu. Hapo ndipo ninapoleta chapati ya jodari, na hiki ndicho chakula ambacho wenzangu wananidai kila safari. Nunueni chapati kavu kwa mama yeyote wa karibu yenu asubuhi ya safari, mwambieni asiweke mafuta mengi, na ziacheni zipoe kabisa kabla ya kuzifunga kwenye kitambaa. Ukizifunga za moto zinatoa jasho, na zikitoa jasho kesho yake zina ukungu. Jodari wa mkebe, wale waliomo kwenye mafuta, mkebe mmoja kwa watu wawili. Tango zima halijakatwa. Ndimu. Achari ya embe au ya ndimu, kikopo kidogo, kutoka Marikiti. Mkifika kileleni ndipo mnakata tango, mnafungua mkebe, mnakamua ndimu, mnapaka achari juu ya chapati, mnakunja. Yale mafuta ya mkebe usimwage! Chovyeni kipande cha mwisho cha chapati. Mkebe mtupu unarudi nao, umefungwa kwenye karatasi, na harufu yake itakukumbusha safari kwa wiki nzima, hilo sina dawa yake.

Msikate kachumbari nyumbani. Nimewaona watu wakija nayo kwenye bakuli, ikifika ni maji yenye vitunguu.

Mkate wa mofa mkiupata Mji wa Kale ni bora kuliko chapati kwa siku ya pili, kwa sababu ni mkavu na mzito, ukikauka zaidi hauharibiki, unatafunwa tu polepole. Mahamri ni ya siku ya kwanza. Maandazi ya dukani yaliyofungwa, ni maoni yangu tu, hayana ladha ya kubebewa mlima.

Sasa kuna jambo ambalo nililidharau nilipolisikia: kuloweka kwa maji baridi. Kuna vyakula ambavyo vimeshapikwa kiwandani kisha vikakaushwa, kwa hiyo havitaki moto, vyataka maji na subira. Kuskus ni mojawapo. Chukueni kopo tupu la siagi ya njugu lenye kifuniko cha kuzungusha, tieni kikombe kimoja cha kuskus na kikombe kimoja cha maji safi ya kunywa, chumvi, funga, weka mkobani, endelea kutembea. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo imevimba na kulainika. Hapo unaongeza njugu, zabibu kavu, ndimu, pilipili manga. Mume wangu alikataa kuionja mpaka alipoona sisi wengine tunakwangua kopo.

Cha pili ni ule mchele bapa wa maduka ya Wahindi, uliopondwa ukawa kama vipande vya karatasi, wanaofanyia chevda. Huo hata nusu saa hautaki. Unaunyunyizia maji, unasubiri dakika chache, unatia chumvi, sukari kidogo, ndimu, na karoti uliyokwangua kwa kisu pale pale. Ni mwepesi sana kubeba, kilo moja mtabeba kwa zamu na hakuna atakayenung'unika. Chevda yenyewe pia ni chakula kizuri cha njiani, ina chumvi, ina dengu, ina njugu, ina pilipili. Mchele wa kawaida haulowekwi hivyo, tafadhali, msije mkasema nimewaambia. Kumbuka tu kwamba ukishatia maji, kikavu kimekuwa kibichi. Kuleni papo hapo, msikirudishe mkobani kwa ajili ya jioni.

Krisps za muhogo mtanunua, najua, hakuna mtu wa Mombasa atakayepita asinunue. Zitieni kwenye mkebe mgumu la sivyo mtafika na unga wenye pilipili. Kashata ni nzuri. Halua naipenda lakini mlimani ni tabu: inanata mikononi, hakuna maji ya kunawa, na sisimizi wa Taita wana pua. Ubuyu ni wa kumung'unya mkipanda, unaleta mate kinywani. Ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, msinibebee, anataka moto, na hata angekuwa hataki, chumvi yake itawamaliza maji yote kabla hamjafika nusu ya njia.

Matunda: machungwa na ndizi ambazo bado ni ngumu kidogo. Embe ngowe nizipendavyo, nimeacha kuzibeba, maana ukishakula embe msituni unabaki na mikono miwili isiyo na kazi nyingine.

Maji. Hapa sitanii. Mtu mmoja abebe lita mbili kwa siku ya Taita, na ikiwa siku nyingine mtakwenda mlima Kasigau, ambako chini ni nyika na joto lake ni la nyika, bebeni lita tatu. Ukitoka jasho sana maji matupu hayatoshi, kichwa kinauma na miguu inakaza. Mchanganyiko wa nyumbani unaofanya kazi ni ule wa kliniki: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Pimeni kabisa, msikisie, chumvi ikizidi ina madhara. Kamulia ndimu ukitaka. Sukari na chumvi zifungeni kavu kwenye karatasi tangu Mombasa, mtatia maji huko huko.

Na chupa ziwe za kudumu. Mifuko ya plastiki inajulikana ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini wengi hawajui kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji za kutumia mara moja, sahani, vikombe na vijiko vya aina hiyo haviruhusiwi pia ndani ya mbuga, fuo na misitu ya hifadhi. Hata ikiwa hamtakaguliwa, bebeni vya kudumu. Chakula chetu sisi tunafunga kwa leso kuukuu. Leso moja inafunga chapati, inakuwa mkeka wa kukalia, halafu inakuwa ya kujifunika, na kileleni Vuria mtaihitaji. Kile kilele kipo mita 2,208, ukungu unakuja ghafla, na watu wa pwani tunafika tumevaa kana kwamba tunakwenda ufukweni Mama Ngina kula muhogo. Baridi ile mikono inakufa ganzi, ndiyo maana nawaambia chakula cha huko kiwe cha kushika na kutafuna, cha kopo na kijiko kiacheni kwa siku ya msituni kule chini.

Tumbili nao. Shimba wamezoea watu, na ukifungua mkate mbele yao umeshaalika wageni. Kaeni kwa mduara, mikoba katikati, msiwarushie hata ganda. Maganda ya machungwa mnarudi nayo.

Kwa safari yenu ningepanga hivi. Kwenye treni kuleni mahamri na mayai ya kuchemsha, yale ya barabarani, lakini yaishe kabla ya Voi. Mchana wa Jumamosi chapati na jodari. Jumapili asubuhi mkiondoka chumbani jazeni kopo la kuskus, mtalikuta tayari mkipumzika, na mofa na tende zibaki mkobani za kurudi nazo. Njugu kila mtu na zake, kwa amani.

Kitu kimoja ambacho kila mara kinasahaulika: kisu. Kwenye treni mizigo inapitishwa kwenye mashine na kisu usijaribu kupita nacho. Nunueni kidogo cha bei rahisi mkishuka Voi, au fanyeni kama tulivyofanya sisi siku duka lilipokuwa limefungwa: tukavunja tango kwa goti.