Nywele zangu ni nyembamba, nifanyeje zionekane zimejaa?

SWALI: Habari dada, mi nakusoma siku nyingi ila leo ndo mara ya kwanza kuandika. Nywele zangu zinafika mabegani, ni laini na nyembamba sana yaani nikizibana nyuma kibanio kinateleza chenyewe. Asubuhi nazitengeneza zinakaa vizuri, ikifika mchana zimelala zote kama nimemwagiwa maji, na kwenye picha naona mpaka ngozi ya kichwa pale kwenye njia. Napaka mafuta asubuhi na usiku ili zijae lakini naona ndo zinazidi kulala. Sitaki wigi, nataka nywele zangu mwenyewe. Nisaidie.

JIBU: Mdogo wangu asante kwa kuandika, na hilo la kutaka nywele zako mwenyewe nimelipenda sana, tutazifanyia kazi hizohizo.

Kwanza tuelewane kitu kimoja maana wengi wanakichanganya, kuna nywele nyembamba na kuna nywele chache. Chukua unywele mmoja uliobaki kwenye kitana, ushike kati ya kidole gumba na cha shahada, usokote taratibu. Ukiusikia kama uzi wa kushonea basi zako ni nene, ukiwa husikii kitu mpaka uangalie ndo ujue upo, hizo ni nyembamba. Kichwa kina nywele kama 100,000 hivi, kwa hiyo unaweza kuwa nazo nyingi tu ila kila mmoja ni mwembamba, na nikisoma hiyo habari ya kibanio kuteleza nahisi wewe uko huku.

Sasa mafuta. Naomba uache, nakuomba kabisa. Mafuta hayanenepeshi unywele, yanaukalia juu tu, na unywele mwembamba hauna nguvu ya kubeba huo uzito. Halafu zinagandana mbilimbili tatutatu, zikishagandana hivyo katikati kunabaki nafasi, na hiyo nafasi ndo ngozi unayoiona kwenye picha! Ngozi ya kichwa inatoa mafuta yake yenyewe na nywele laini zinayapokea haraka, so ukiongeza ya kwenye kopo unazidisha mara mbili. Osha mara nyingi kuliko ulivyozoea, hata kila baada ya siku mbili tatu, kwa shampuu nyepesi, na kondishona uanzie usawa wa masikio kushuka kwenye ncha, usiiguse mizizi. Mi mwenyewe nina nywele kama zako, na miaka mingi nilikuwa napakwa mafuta saluni mpaka natoka kichwa kinang'aa, nalia nyumbani nikidhani nywele zimeisha kumbe zimelemewa tu.

Cha pili ni mkasi, na najua hapa utaumia. Nywele zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi, maana yake ncha za nywele za mabegani zina miaka miwili au zaidi, zimechanwa, zimepigwa pasi, zimesuguliwa na mito, zimeliwa. Ndo maana ukiziangalia kwa chini unaona mwanga unapita. Mwambie msusi akate usawa mmoja ulionyooka, kati ya kidevu na mabega, na akikwambia akuwekee leya nyingi, yaani azikate kwa ngazi, ili zijae mkatalie kwa upole, kwa nywele nyembamba leya nyingi zinapunguza zile za chini na chini ndo panapotakiwa kuonekana pazito.

Halafu kukausha, hapa ndo penyewe. Unywele ukilowa, vifungo vyake vya ndani vinalegea, ukikauka vinajifunga tena kwa umbo lilelile ulilokaukia. Ukiacha zikauke zimelala kichwani zitabaki zimelala, hakuna dawa. Kwa hiyo futa maji kwa kubonyeza na taulo bila kusugua, inama kichwa kiangalie chini, pitisha draya kwenye mizizi huku unazitikisa kwa vidole mpaka zibaki na unyevu kidogo tu. Nyanyuka, chukua fungu la juu kabisa utosini upana wa rola yenyewe, livute kwenda juu na mbele kidogo, viringisha hadi kwenye ngozi. Rola tatu tu zinatosha, moja nyuma ya nyingine kutoka kwenye paji kwenda utosini. Pitisha draya ya joto la kawaida, kisha subiri zipoe kabisa. Watu wanaharibu hapohapo, wanatoa rola za moto na ndani ya saa moja kila kitu kimeshuka. Zikipoa toa, usichane, pitisha vidole tu.

Njia nayo uihamishe. Ukigawa nywele sehemu moja miaka yote zinazoea kulalia upande ule, sogeza vidole viwili tu kwenda upande wa pili zitasimama zenyewe kwa kukataa, au uichore kwa mkia wa kitana iwe ya kupindapinda, ngozi haionekani mstari mrefu. Kwa siku ya picha kuna poda ya mizizi, chagua ya rangi ya nywele zako, gusa kidogokidogo kwenye njia kwa brashi. Kuchana kinyume ili zitutumke sikushauri, zinakatika.

SWALI: Dada, mi zangu ni za asili, zinajikunja lakini nyembamba. Nasuka rasta ndefu nzito ili kichwa kionekane kimejaa, ila pembeni naona panarudi nyuma. Niendelee?

JIBU: Hapana, tafadhali fumua wiki hii. Hapo pembeni panavutwa na ule uzito, na mizizi ikivutwa muda mrefu inaweza isiote tena, ila ukiwahi zinarudi. Ukisuka na kichwa kinauma au vinatoka vipele, imebanwa sana hata kama imependeza. Sokota nywele zako mwenyewe zikiwa na unyevu, misokoto midogo, ziache zikauke kabisa hata kama ni mpaka kesho, ukifungua tia chanuo kwenye mizizi tu unyanyue bila kulifikisha kwenye ncha. Utashangaa zilivyo nyingi.

SWALI: Nimejifungua mtoto ana miezi minne, nywele zinatoka kwa mafungu bafuni. Nitengeneze vipi?

JIBU: Pole mama, na hongera. Wakati wa ujauzito nywele nyingi zinakawia kutoka, zile zilizokawia ndo zinatoka sasa kwa pamoja, kwa kawaida zinajaa tena mtoto akikaribia mwaka. Kwa sasa kata fupi, hama njia, usibane kwa nguvu. Ila zikitoka kwa mabaka ya mviringo, au ngozi inawasha na kuuma, au mwaka umepita na bado zinatoka tu, nenda kwa daktari wa ngozi akupime damu pia, kuna upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo ambayo hakuna rola itakayoyatibu.