Herufi za 3D kwenye GIMP: unene hautokani na kivuli

Mkuu, umeuliza kwa nini herufi zako ulizotengeneza kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, zinaonekana kama karatasi inayoelea badala ya kuwa na unene. Ni kwa sababu umetegemea kichujio cha Drop Shadow peke yake. Hiyo hutoa kivuli chenye ukungu, wakati unene unahitaji ubavu wenye kingo kali.

Tumia fonti nene, piksele 300 hivi. Nakili tabaka (layer) la maandishi (Ctrl+Shift+D), nakala iweke chini, kisha bofya Layer to Image Size. Hilo hupanua tabaka hadi ukubwa wa picha nzima. Funga alfa (uwazi wa tabaka, ili rangi isivuke herufi), mwaga rangi ileile iliyokolea zaidi. Sasa zalisha nakala za hiyo ya chini, kila moja ukiisogeza piksele 1 kulia na 1 chini kutoka iliyotangulia kwa vitufe vya mshale. Ishirini na tano zinatosha. Usiruke piksele 5 kwa mkupuo ili kuokoa muda: kingo zitatoka ngazi-ngazi, na kuzilainisha baadaye ni kazi ngumu kuliko kurudia. Toleo la 2.10 na kuendelea lina kichujio cha Long Shadow kinachotengeneza ubavu huo chenyewe. Mtindo Finite, pembe 45, kazi imekwisha.

Unganisha nakala za ubavu, uzipake gradienti (rangi inayobadilika taratibu) inayokolea kuelekea chini kulia. Mwanga ukitoka juu kushoto, ubaki hapohapo kwa kila kitu, hata mandharinyuma. Kivuli cha ardhini ndicho cha mwisho: kichujio cha ukungu Gaussian Blur 15, ukolezo asilimia 40.

Hifadhi XCF (faili la GIMP linalotunza matabaka) kabla ya kuunganisha.