Kwa nini CT skani ya pili baada ya kiharusi

Pole sana kwa kuuguza, dada. Umeuliza kwa nini mzee arudishwe CT skani kesho yake ilhali ya kwanza haikuonyesha damu. Ile ya kwanza ilikuwa ya kuhakikisha mshipa umeziba, haujapasuka, ndipo akapewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Sasa mishipa midogo ya sehemu iliyokosa damu huwa imeshadhoofika, na damu ikirudi inaweza kuvuja. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 1995, asilimia 6.4 ya waliopewa dawa hiyo walivuja damu ubongoni hadi hali zao zikabadilika. Kwa wasiopewa ilikuwa 0.6. Ndiyo maana picha hurudiwa baada ya saa 24, kabla ya kuanza aspirini. Msikose hiyo.

Kutabiri nani atavuja damu kunawezekana kiasi. Kwenye CT ya mwanzo daktari hukagua maeneo 10 ya upande ulioathirika, akianza na alama 10 na kupunguza moja kwa kila eneo lililoanza kufifia. Zikibaki chache, sehemu iliyoharibika ni kubwa na hatari inapanda. MRI nayo, yaani picha ya kutumia sumaku, huonyesha vidoa vyeusi vya damu iliyovuja zamani, hasa kwa wenye presha ya miaka mingi. Vikizidi 10, madaktari huwa waangalifu zaidi.

Muulize daktari alama za mzee zilikuwa ngapi. Na kichwa kikimuuma ghafla, akitapika au akianza kusinzia ovyo, mwite muuguzi papo hapo, usingoje saa ya picha.