Siku ya visahani kwa bunduki za geji 16: anza na hesabu ya risasi

Ukitaka kuandaa siku ya kulenga visahani vinavyorushwa hewani, kwa wenye bunduki za marisau za geji 16 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) pale Tanga, usianze na turubai, spika wala fulana. Anza na risasi. Madukani geji 12 ndiyo inayojaa rafu. Geji 16 unaiulizia, unaambiwa subiri, na ikija huja maboksi machache. Wageni wako watafika na bunduki walizorithi, zimepakwa mafuta zinang'aa, na risasi saba mfukoni. Kwa hiyo idadi ya risasi ulizo na uhakika nazo ndiyo inayokuambia uite watu wangapi, kila mmoja apige mara ngapi, na shughuli iishe saa ngapi. Ukianza na mengine, saa nne asubuhi watu watakuwa kivulini wakitafuna mihogo na nusu ya visahani bado iko kwenye katoni.

Geji 16 inastahili siku yake. Mashindano ya skiti (mchezo wa kulenga visahani) ya Marekani yamegawanywa kwa geji 12, 20, 28 na .410, 16 haina fungu lake, mwenye nayo hujichanganya na wa 12. Asili ya namba hiyo ni mipira 16 ya madini ya risasi, yenye kipenyo cha mtutu, kutimiza ratili moja. Mtutu wake una upana wa kama milimita 16.8, katikati ya 12 yenye 18.5 na 20 yenye 15.6. Gramu 28 za marisau (chembe za duara zilizo ndani ya risasi) hukaa humo vizuri sana, na bunduki yenyewe kwa kawaida ni nyepesi kuliko ya 12. Ndiyo raha yake.

Sasa hesabu. Chukua watu 18, makundi matatu ya watu sita sita. Weka vituo vitatu, kila kituo mtu apige visahani 16, yaani jozi nane. Namba 16 hapa ina utani kidogo, lakini inakaa sawa: kila mtu visahani 48, wote pamoja 864. Ongeza asilimia 10 ya risasi kwa ajili ya marudio na zitakazogoma, unapata kama 950, sawa na maboksi 38 ya risasi 25. Tafuta 40, mawili ya mwisho yafungiwe kando kwa ajili ya watakaolingana pointi. Visahani vikija katoni za 150, mtambo wa kurushia wa kila kituo utarusha 288, hivyo katoni mbili zinatosha endapo hakuna kitakachovunjika njiani wala mtamboni. Hilo halitokei. Chukua katoni saba badala ya sita.

Ukipata maboksi 20 tu, usipunguze watu, punguza jozi: nne kwa kila kituo badala ya nane. Hapo ni visahani 432 na akiba inabaki. Siku fupi ambayo kila mtu amepiga ni bora kuliko siku ndefu ambayo sita wanapiga na kumi na wawili wanatazama.

Risasi zenyewe ziwe za gramu 24 hadi 28, marisau ya milimita 2.3 hadi 2.4. Soma milimita, usisome namba ya ukubwa wa marisau peke yake, maana namba 7 ya nchi moja si namba 7 ya nchi nyingine. Risasi nzito za kuwindia zikatae: bega la mtu halivumilii 48 za aina hiyo, na marisau makubwa huenda mbali kuliko uwanja uliopima. Za ganda la karatasi zilizokaa miaka kwenye kabati la pwani huvimba kwa unyevu, zikaingia nusu kwenye chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi) na kukwama. Zijaribu moja moja siku moja kabla, bunduki ikiwa imeelekezwa pasipo na mtu. Inayohitaji kusukumwa kwa dole gumba haiingii uwanjani.

Meza ya ukaguzi ndiyo sehemu ya kutumia muda mwingi kuliko zote, kwa sababu bunduki nyingi za geji 16 ni za zamani. Za Ulaya, hasa za Kijerumani na Kifaransa, nyingi zilitengenezwa na chemba ya milimita 65, wakati risasi nyingi za leo ni za 70. Ubaya wake ni kwamba risasi ya 70 inaingia bila shida yoyote, kwa kuwa ganda lililokunjwa mdomo ni fupi kuliko ganda lililofunguka. Ikifyatuliwa, mdomo haupati nafasi ya kufunguka, unabana njia ya marisau, na shinikizo linapanda. Tazama alama zilizogongwa chini ya mitutu: ukiona 16 na 70 pamoja, sawa. Usipoona 70, pima chemba kwa kipimo, usikisie kwa jicho. Isiyothibitika inakaa mezani siku nzima, hata kama ni ya mzee anayeheshimiwa mji mzima. Mwambie mapema, kwa simu, kabla hajasafiri nayo kutoka Korogwe. Kumwambia mbele ya watu ni kumvunjia heshima.

Mitutu yenye michoro ya mistari iliyosokotwa, ile ya damaski, usiikubali na risasi za kisasa. Kisha kunja bunduki ifunguke, tazama ndani ya mtutu ukiuelekeza kwenye mwanga: kutu yenye vishimo, uvimbe kama pete, au kizibo cha zamani (kile kinachotenga baruti na marisau) kilichosahaulika. Tikisa mitutu ikiwa imefungwa. Ikicheza kwenye bawaba, hairuhusiwi. Chumvi ya hewa ya Tanga haina huruma na chuma, na mafuta ya juu yanaficha mengi.

Kwenye meza hiyo hiyo, mifuko yote imwagwe. Hakuna risasi ya geji 12 wala 20 inayovuka kamba, hata moja. Ajali inayojulikana zaidi ni ya risasi ya 20, ambayo kawaida ganda lake ni la njano: ikitumbukia kwenye bunduki ya 12 inateleza hadi mbele ya chemba na kukaa hapo. Mwenyewe anatazama, anaona chemba tupu, anaweka ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Uwanja wa geji moja unaiondoa hatari hiyo kabisa, mradi usimruhusu mtu "aje tu na ya kwake ya 12 apige mbili tatu".

Kibali tuseme kwa ufupi. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mlango wa kuanzia ni ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Peleka barua wiki kadhaa kabla: tarehe, mahali, ramani ya uwanja, orodha ya bunduki na namba zake, idadi ya risasi na zitakapolala. Leseni ni ya mtu na bunduki yake, hivyo kama unafikiria watu waazimane bunduki, uliza hilo kwa maandishi na usubiri jibu. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wapate taarifa pia. Usiweke Ijumaa, na Ramadhani iache ipite.

Uwanja mzuri ni shamba la mkonge lililovunwa au kupumzishwa, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Marisau ya milimita 2.4 yanaweza kufika kama mita 200. Wewe acha mita 300 mbele, na upana wa kutosha kila upande. Usielekeze bahari, ngalawa hazitangazi zinapopita, wala mikoko na madimbwi, kwa sababu ndege wa majini humeza marisau wakidhani ni changarawe. Tembea eneo lote alfajiri ile ile. Mkonge unaficha mtu aliyeinama, na vijia vya waokota kuni havipo kwenye ramani yoyote. Kila kijia kiwe na mlinzi mwenye bendera nyekundu na simu yenye salio.

Kuhusu jua: Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Juni hadi Agosti jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo wapigaji watazame kusini. Januari na Februari, kinyume chake. Lakini angalia jambo moja. Miezi ya jua la kaskazini ndiyo miezi ya upepo wa kusi, na jua likihamia kusini kaskazi inavuma. Maana yake ukilipa jua mgongo, upepo unakuja usoni takriban mwaka mzima. Upepo wa usoni hukinyanyua kisahani, nacho kikapanda juu kuliko ulivyokitega, basi punguza pembe ya mtambo mapema. Vipande navyo hurudi kwa wapigaji. Miwani ni lazima kwa kila mtu, wakiwamo akina mama wa jikoni na vijana wa mitambo, na vizibo vya masikio vivyo hivyo.

Anza saa mbili kamili asubuhi, kabla upepo wa bahari haujapata nguvu. Kundi la watu sita kumaliza jozi 48 kwenye kituo huchukua kama dakika 35. Weka 40 pamoja na kuhama. Saa nne na nusu umemaliza hata ukichelewa.

Kituo cha kwanza kiwe cha visahani vinavyokwenda mbele, mpigaji akiwa mita 14 au 15 nyuma ya mtambo. Cha pili vipite kwa mkato, polepole, mita 20 hadi 25. Cha tatu kiwe cha kupanda wima. Usivifanye vigumu. Bunduki nyingi za zamani zina choki (mbano wa mdomo wa mtutu) iliyobana, na kwa mita 15 rundo la marisau ni dogo kama sinia ya chai. Wenye choki hizo waache wasubiri kisahani kifike mbali kidogo. Wenye mtutu mmoja wapewe kimoja kimoja mara 16. Kilichotoka kipande kinachoonekana ni pointi, vumbi peke yake si pointi.

Vituo vyote vikae kwenye mstari mmoja vikitazama upande mmoja, mita 50 kati yao, na fremu ya miti mbele ya mpigaji izuie mtutu usigeuke kwa jirani.

Mtambo wa mkono wenye springi unavunja mfupa wa mkono. Mrushaji asimame nyuma yake, asiinamie mbele wakati umetegwa, na autegue kabla ya kwenda kunywa maji. Kama mtambo uko mbele ya mpigaji, mrushaji akae nyuma ya ukuta wa mifuko ya mchanga uliofika juu ya kichwa. Kwenye udongo laini mtambo unarukaruka, na baada ya visahani 50 njia imehama bila mtu kujua. Ufunge kwenye tairi la lori lililojazwa zege. Visahani vikivunjikia mtamboni, mara nyingi springi imekazwa mno au mpira wa mkono umekwisha. Na ingawa huitwa vya udongo, vingi ni chokaa na lami: vikikaa juani vinashikamana na kupinda. Viweke kivulini, juu ya mbao.

Kwenye mstari, bunduki zote zimekunjwa isipokuwa ya anayepiga. Risasi ikigoma, mtutu ubaki mbele sekunde 30 kabla ya kufunguliwa. Ukisikia mlio hafifu, "pof", simamisha kituo kizima. Huenda kizibo kimebaki ndani, na risasi inayofuata itapasua mtutu. Kila kituo kiwe na ufito ulionyooka wa mita moja kwa kazi hiyo. Gari la dharura lielekee barabarani tangu asubuhi, na dereva awe anaijua njia ya Hospitali ya Bombo usingizini.

Madafu yawe mengi, bia isubiri. Zawadi ya mshindi gunia la machungwa ya Muheza linatosha, na linagawanyika.

Mwisho wa siku ardhini kuna kilo 24 hivi za madini ya risasi kama ulitumia gramu 28, pamoja na vizibo vya plastiki na vipande vya lami. Plastiki na vipande viokotwe kwa reki, mbuzi wazuiwe hadi kazi iishe, na kila mtu anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Maganda yahesabiwe, risasi nzima zilizobaki zihesabiwe, jumla ilingane na daftari la asubuhi. Pilau inafunuliwa namba zikishalingana na bunduki zikishafungiwa kwenye magari.