"Gunia mbili" kwenye sehemu ya kilo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimetengeneza mfumo wa kuandikisha dagaa wanaotoka Ukerewe kuja soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Seva nimeiandika kwa FastAPI, zana ya Python ya kuandikia seva. Wakala akijaza vibaya, simu ilikuwa inamwonyesha Kiingereza kirefu. Nikaamua kila kosa lijibiwe kwa namba ya HTTP 500, "Hitilafu imetokea." Sasa kuna mzigo ambao wakala ameandika "gunia mbili" penye kilo, simu inautuma usiku kucha na hauingii. Nifanyeje?
Fundi wa Nyamanoro

JIBU: Marahaba. Hiyo 500 ndiyo inayokuponza. Maana yake ni kwamba seva imeharibikiwa, na programu yako ikiipata hufanya ulichoifundisha: husubiri, hutuma tena. Huko visiwani mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo kurudia ni jambo jema, usikuondoe. Lakini "gunia mbili" iliyoandikwa penye kilo haigeuki kuwa namba hata ikitumwa mara mia. Kosa liko kwenye ombi, na makosa ya ombi yana kundi lake, namba za 400 hadi 499. FastAPI ilikuwa inakupa 422, data imesomeka ila haikubaliki, ungeiacha tu. Wapo wanaotumia 400 kwa jambo hilohilo na sigombani nao, mradi ushike moja. Simu ikipata 422 isirudie, imwonyeshe mtu.

Kiingereza kina dawa yake. Andika kishughulikiaji chako cha RequestValidationError, yaani kosa ambalo FastAPI hulitoa data isipokubalika. Utakuta orodha ya makosa, kila moja na "loc", yaani sehemu iliyokosewa, na "type", aina ya kosa. Tunga sentensi zako kutokana na hivyo viwili: "float_parsing" (kilichoandikwa hakisomeki kama namba) kwenye uzito iwe "Uzito: andika namba tupu ya kilo, mfano 85.5". Toa makosa yote kwa mkupuo. Wakala amesimama juani, wapagazi wanamgombeza. Ukimwambia la uzito, akirekebisha umwambie la simu, atarudi kwenye daftari lake, na mimi nitamuunga mkono.

Namba za simu usimsumbue nazo mtu. Ondoa nafasi na alama ya kujumlisha, sifuri ya mwanzo igeuze 255, ndipo uhakiki. Ila magunia usiyageuze kilo kwa kukisia! Gunia na gunia hupishana uzito, na hapo utamdhulumu mtu.

Angalia pia "input". Jibu la kawaida la FastAPI ya siku hizi humrudishia mtumaji alichokiandika. Kwenye fomu ya nywila, kiondoe, na kwenye kumbukumbu za seva kisionekane kabisa.

Kuna muundo rasmi wa majibu ya makosa, RFC 9457 ya mwaka 2023 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti). Seva na programu zote zikiwa zako, si lazima. Wakija mafundi wengine kuunganisha mifumo yao, utawafaa.

Mizigo iliyokwama usiifute kwenye simu. Ihamishie orodha ya "Rekebisha", sehemu yenye kosa iwe nyekundu na mengine yabaki yalivyojazwa.